Gari la Juu ya Mawe

Leo nataka tuzungumze juu ya mawe manne.

Wengi wetu tumekulia karibu na gari la namna hiyo. Lipo uani, au ubavuni mwa nyumba, chini ya mti. Matairi hayapo. Chini pamewekwa mawe, au matofali, au vipande vya mnazi, na juu pametandazwa turubai. Kuku wanataga humo. Watoto wanacheza dereva na utingo. Ukiuliza, unaambiwa: hilo la mzee, lisiguswe, litakuja kutengenezwa.

La kwetu lilikuwa Peugeot 504 ya marehemu mjomba wangu, hapa Tanga, chini ya mwembe, miaka 11. Mjomba aliliweka pale kwa mikono yake mwaka aliostaafu, na aliliweka kwa mapenzi. Alilitia jeki, akalipandisha juu ya matofali ili matairi yasiharibike, akatoa betri, akalifunika vizuri. Alisema linapumzika.

Nilipolifunua baada ya yeye kufariki, nilikuta mambo haya. Petroli ndani ya tangi ilikuwa imegeuka utomvu wa rangi ya chai ya rangi, inanuka kama vanishi. Pistoni za breki zilikuwa zimeshikana na kalipa zake kwa kutu. Sahani ya klachi ilikuwa imegandamana na flaiwili, ukikanyaga pedali hakuna kinachoachana. Panya walikuwa wamejenga ndani ya chombo cha chujio la hewa, na nyaya za taa wamezitafuna. Na lile turubai lililowekwa kulinda lilikuwa limefungia unyevu wa bahari usiku na mchana, hata chuma cha chini ya milango kikawa kinamong'onyoka ukikigusa kwa kidole. Gari lililokwenda Mbeya na kurudi mara zisizohesabika, likabeba wagonjwa, maharusi na magunia ya mpunga, halikuuawa na barabara. Liliuawa na kivuli.

Ndiyo maana nasema hivi: anayejenga karakana nyumbani kwa ajili ya gari la zamani, aijenge kwa nia ya gari kutoka. Akijenga kwa nia ya gari kukaa, amejenga kaburi zuri lenye mlango. Nimetumia miaka mitatu kulitoa gari la mjomba juu ya yale matofali, na katika miaka hiyo nimejenga karakana ndogo uani, nikakosea, nikabomoa, nikajenga tena. Hayo ndiyo nitakayoyasimulia.

Kwanza niseme kwa nini gari hili lilistahili. 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu haikungoja tuzo ya Ulaya. Jina la Peugeot lilikuwa limeshajengwa na 404 kwenye mashindano ya Safari Rally, ambako Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Kisha 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 ile ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Mashindano yale yalipita kwenye matope na vumbi la huku huku, kwa hiyo watu hawakuhadithiwa. Walisimama kando ya barabara wakaona kwa macho. Ikawa gari la mashirika ya umma, lenye namba za SU. Ikawa teksi. Kenya, ile yenye bodi ndefu na viti vya safu tatu ikawa gari la abiria wa masafa marefu, na ile ya pikapu iliendelea kuunganishwa huko muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni. Jambo hili la mwisho ni neema kubwa kwa mtu wa Tanga, na nitalirudia tukifika kwenye spea.

Sasa karakana. Watu wengi huanza na spana. Mimi nakuomba uanze na sakafu.

Gari hili lina urefu wa mita 4.49 na upana wa mita 1.69. Nilijenga chumba cha mita 6.5 kwa mita 4, kwa hiyo nina zaidi ya mita moja kila upande, na mbele nina nafasi ya meza ya kazi na ya mimi mwenyewe kusimama nikainama. Ukipunguza hapo, utaufungua mlango wa gari nusu, utajipenyeza kama mtu anayeingia daladala iliyojaa, na baada ya wiki mbili utakuwa unatafuta sababu za kutokwenda karakana. Nafasi ya kuzunguka ndiyo inayokufanya urudi kesho.

Sakafu ya mwanzo niliimwaga nyembamba, inchi mbili, juu ya mchanga. Jeki ikaipasua siku ya kwanza. Ya pili niliimwaga inchi tano, kipimo kile cha saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, nikatandika nailoni chini yake kwa sababu ardhi ya pwani hupumua maji, kisha nikaimwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba kabla ya kuikanyagisha kitu. Niliipa mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Isawazishwe, iwe laini. Ukilala chini ya gari saa nzima, utajua tofauti ya sakafu laini na sakafu ya kokoto. Na nati ikidondoka kwenye sakafu laini unaisikia ilikokwenda.

Wenzangu wengi waliniambia nichimbe shimo, kama gereji za zamani. Nilikataa, na bado nakataa. Huku pwani ukichimba mita moja na nusu, masika yakija shimo linakuwa kisima. Na hata likikauka, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatuama humo kimya, unangoja cheche. Mtu yupo ndani, taa ipo ndani, na njia ya kutoka ni moja. Sitaki kuzika mtu kwa ajili ya kubadilisha oili.

Kuta nilizipaka chokaa nyeupe ndani nzima. Ni rahisi, na inarudisha mwanga kuliko taa ya pili. Juu ya kuta nikaacha safu mbili za matofali ya matundu ili upepo upite, maana adui wa chuma hapa Tanga ni unyevu wenye chumvi, na unyevu hauondoki pasipo na upepo. Gari silifuniki tena kwa turubai. Nalifunika kwa shuka la pamba lililochakaa, ambalo linazuia vumbi na linaruhusu jasho kutoka.

Mlango una mbao mbili, unafunguka kwa nje, na mbele yake hakuna kitu. Hakuna pipa, hakuna kuni, hakuna baiskeli. Nimewaomba watu wa nyumbani, na wameniheshimu. Mlango uliozibwa ndio mwanzo wa mawe manne.

Tuje kwenye vyombo. Kabla hujanunua spana hata moja, ujue gari lako limezaliwa wapi. Gari la Kifaransa kama hili, la Kijerumani na la Kijapani, nati zake ni za milimita. Land Rover za zamani na magari mengine ya Kiingereza ya wakati ule, nati zake ni za inchi. Spana ya milimita inaweza kuonekana imeingia kwenye nati ya inchi, ukaivuta, ikateleza, ikala pembe. Na nati iliyoliwa pembe ndani ya chuma cha miaka 50 itakutoa machozi. Spana malaya nayo usiizoeze kwenye gari hili. Inafaa bomba la maji. Nunua seti moja nzuri ya boksi spana, seti moja ya spana za mkono, bisibisi zenye ncha nzima, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Hii ya mwisho watu huiona anasa. Lakini silinda hedi ya 504 ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma, na ukikaza bolti moja zaidi ya mwenzake, hedi inapinda na gasketi inapumua.

Jiliwa nalo liwe zito, lifungwe juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao. Meza yangu ni ya mvule wa zamani uliotoka kwenye mlango wa ghala. Haitikisiki.

Sasa nisikilize kwa makini kwenye jambo hili moja, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Jeki ni ya kunyanyulia. Si ya kushikilia. Gari likishanyanyuka, liwekwe juu ya stendi za chuma, mbili au nne, za tani mbili au tatu, kwenye sakafu iliyo sawa, magurudumu yaliyobaki chini yametiwa kabari. Usitumie mawe. Usitumie matofali ya saruji. Yanabeba leo, kesho yanapasuka ghafla bila kukuaga. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikuwa chini ya gari nafungua bomba la breki la nyuma. Jeki niliiacha palepale, imegusa, na pembeni yake kuna stendi mbili. Nikasikia pumzi ndefu, kama mtu anayeshusha mzigo. Sili ya jeki ilikuwa imekata, ikashuka yenyewe mpaka chini, taratibu, mafuta yakatambaa sakafuni mpaka kwenye bega langu. Gari halikusogea hata unywele. Stendi zilipokea. Nililala pale kwa muda, nikiwa nimetazama lile difu juu ya kifua changu, na nilipotoka niliingia ndani nikanywa maji, sikumwambia mtu. Ndugu msikilizaji, stendi zile mbili zilinigharimu pesa ndogo kuliko matairi mawili.

Mengine ya usalama nitayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo. Usiwashe injini mlango umefungwa; moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua mtu akidhani ana usingizi. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, ukae karibu na mlango na si nyuma ya gari. Ukitoa betri, anza na waya wa hasi. Vumbi la breki na klachi za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe. Na oili chafu usiimwage nyuma ya nyumba. Uani kwetu kuna kisima, na wanakunywa humo majirani wanne. Naiweka kwenye dumu, likijaa nalipeleka kwa wanaoikusanya.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni fundi mmoja mzee wa mtaa wetu, aliyekuwa akizishughulikia gari hizi tangu zikiwa mpya. Nilikwenda kwake jioni moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lile la mjomba wako?"

"Ndilo. Linawaka, lakini halina nguvu, na linakohoa kwenye mlima."

Hakuuliza zaidi. Alikuja na kimfuko cha kitambaa, na ndani yake mlikuwa na bisibisi moja, kipande cha msasa laini na fila geji, zile bamba nyembamba za kupimia uwazi. Akafungua kofia ya distribyuta, akatoa rota, akaniambia nizungushe injini kwa mkono, polepole, mpaka platini zifunguke kikomo. Akachagua bamba la milimita 0.4, akajaribu kulipitisha katikati. Halikuingia. Platini zilikuwa zimekaribiana, na uso wake mmoja umeota kichuguu, mwingine umechimbika kishimo.

"Sikiliza kwa vidole," akasema. Akasugua kile kichuguu kwa msasa, akafuta kwa kitambaa safi, akalegeza skrubu kidogo, akasogeza, akapima tena. Akanishika mkono, akaniwekea lile bamba nilivute mwenyewe. "Likipita bila kugusa, umeacha mbali. Likikwama, umebana. Unataka lishike kidogo tu, kama unavuta shuka lililokaliwa na mtoto." Nililivuta. Lilishika kidogo tu. Akapaka tone la grisi kwenye ile kamu, akafunga kofia, akaniambia niwashe. Injini ikaitika kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa darasa la tano, mjomba akirudi kazini.

Hilo ni somo la dakika 20, na ndilo linalolifanya gari la zamani liwe tofauti. Halina kompyuta ya kukuambia linaumwa wapi. Linakuambia kwa sauti, kwa harufu, kwa mtetemo wa usukani, na anayesikia ni yule anayelitumia kila wiki. Ukilitembelea mara moja kwa mwaka, mnakutana kama wageni.

Fundi huyo huyo ndiye aliyeniokoa na kosa kubwa. Tulipofungua silinda hedi kubadilisha gasketi, nilitaka kuzungusha krankishafti nione pistoni zinavyopanda. Akaniwahi mkono. Injini ya 504 ina slivu zinazoogeshwa na maji; hazikupigwa ndani ya bloku zikakaa moja kwa moja, zimekalishwa juu ya sili zake, na hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukiondoa hedi kisha ukazungusha, pistoni inaipandisha slivu, sili inaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Alikata vipande vya bomba, akatia washa pana, akazibana slivu zote nne kwa bolti kabla hatujagusa kitu kingine. Na kwa sababu ya alumini na chuma kukaa pamoja ndani ya maji hayo hayo, rejeta yangu sasa inatiwa kulanti iliyochanganywa kwa kipimo, si maji ya bomba. Maji ya bomba yanaila hedi kidogo kidogo mpaka njia za maji zinakuwa kama jino bovu.

Spea. Dar es Salaam kuna Gerezani, na mwenye subira hapotezi safari. Lakini mimi niliye Tanga, mara nyingi njia yangu ni Horohoro, navuka, nakwenda Mombasa, na kama sijapata natuma mtu Nairobi, Kirinyaga Road. Ndiyo ile neema niliyoitaja: pikapu za 504 zilikaa kazini Kenya miaka mingi, na vifaa vyake vya injini vingi bado vinapatikana. Ila uwe mwangalifu. Pikapu na ile ya bodi ndefu zina ekseli nzima nyuma, na kwenye saluni nyingi kila gurudumu la nyuma linacheza peke yake. Breki za nyuma nazo si zile zile. Chukua kifaa chako cha zamani mkononi, kikiwa kimeoshwa, ukilinganishe pale pale dukani. Kumbukumbu haipimi milimita.

Kila ninachokifungua kinaandikwa. Nina daftari la kurasa ngumu, limefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Tarehe, kilomita, nilichofungua, nilichokuta. Bolti naziweka kwenye makopo ya maziwa yaliyoandikwa kwa rangi, kila kopo na kazi yake. Mjomba naye alikuwa na daftari. Nililikuta kwenye kijisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, panya wamelila kona moja tu. Ukurasa wa mwisho ameandika, kwa mwandiko wake wa kulala: "Feni haishiki, kagua brashi." Feni ya gari hili hushikwa kwa sumaku ya umeme maji yakipata moto. Nilikagua. Brashi ilikuwa imeisha kweli. Nikabadilisha, nikaandika chini yake, kwenye ukurasa ule ule, tarehe ya siku hiyo.

Sasa gari linatoka kila Jumamosi. Hata kama hakuna safari, linatoka. Si kuliwasha dakika tano uani na kulizima. Hiyo ni mbaya kuliko kuliacha, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha na maji yanabaki ndani ya oili na ndani ya ekzosi. Litembee angalau nusu saa, breki zishikwe, gia zote ziingie, matairi yaviringike. Mafuta ya breki nayabadilisha kila miaka miwili, maana hunyonya unyevu, na pwani hakuna uhaba wa unyevu. Betri naipima: ikitulia ikasoma volti 12.6, imeshiba.

Jumamosi iliyopita tulitoka saa 12 asubuhi kwenda Muheza kununua machungwa. Mkaza mjomba alikaa mbele, mahali pake pa siku zote, khanga mbili, mkoba mapajani. Tangu gari lipone hakuwa amepanda. Alikuwa akisema ataanguka. Tulipopita njia panda alinyoosha mkono, bila kutazama, akafungua kioo cha mlango wake kama alivyozoea, upepo ukaingia. Hakusema kitu mpaka Muheza. Pale akashuka, akazunguka gari lote, akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba.

"Alikuwa anaweka upepo zaidi ya huu," akaniambia.

Tulirudi saa nne, buti limejaa machungwa. Nilifungua boneti, nikaacha lipoe, nikapitisha mkono kwenye kila gurudumu, kisha nikaandika: kilomita 74, maji sawa, oili sawa, matairi yaongezwe upepo, breki ya nyuma kulia ina moto kuliko ya kushoto. Stendi nimeshaziweka tayari. Kesho asubuhi nafungua hiyo ya kulia.